Vitenge vya Kokubanza

Asubuhi ile Nesi Lilian alichanganyikiwa. Kokubanza, binti kutoka Muleba aliyeletwa katika wodi ya kufungwa ya wagonjwa wa akili mjini Bukoba baada ya kujidhuru, alikuwa anacheka. Tena alikuwa anagawa vitenge vyake kwa wagonjwa wenzake.

"Chukua, Nalini," alimwambia jirani yake wa kitanda. "Ukivaa hiki, mawifi zako watanuna!"

Kijijini kwao Lilian, aliyepona hakurudi nyumbani na nguo alizougulia. Aliziacha ili ugonjwa usimfuate. Lakini darasani alifundishwa kwamba anayekusudia kufa naye huanza kwa kugawa vitu. Na daktari alikuwa amepanga kumhamishia Kokubanza mchana ule wodi ya wazi, isiyofungwa milango. Furaha hii ilikuwa ya kupona, au ya kuaga? Lilian aliomba kimoyomoyo, lakini hakupata utulivu. Aliogopa kuuliza, asije akampandikizia wazo. Mwishowe akaketi kando yake.

"Koku, unagawa kwa sababu umepona, au unafikiria kujiua?"

Kicheko kilikatika.

"Sista waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya, "hata mimi sijui. Najiambia naenda nyumbani. Ila sielewi kama ni kwa mama au kwa Mungu."

Lilian hakumhubiria. Alimwita nesi mwenzake akamwombe daktari asimhamishe leo, kisha akamshika Kokubanza mkono.

"Hata mimi sijui, mwanangu," alisema. "Basi tutakaa hapa wawili, tusiojua, mpaka daktari aje."

Kokubanza akaanza kulia, na mkono hakuuachia.