Tamko la Senbi

Aa-aa-aa. Sauti ya mtu asiyeweza kufunga kinywa ilimfikia tabibu Senbi kabla hajaona kitu. Kisha wachonga mawe wanne wakatokea kwenye vumbi la machimbo, wamembeba mwenzao Ipuki juu ya ubao. Jiwe lilikuwa limemporomokea. Utosi umepasuka, sikio la kushoto limejaa damu, taya linaning'inia.

Senbi akapiga magoti. Tabibu akishampima mgonjwa sharti atamke mbele ya watu: ugonjwa huu nitautibu, au nitapambana nao, au hautibiki. Mgonjwa wa tamko la tatu hulazwa kivulini, akapewa maji, akaachwa afe.

Msimamizi Nakhti alimwambia asijisumbue. Damu sikioni na kinywa kilichogoma, hata mpishi wa kambi anajua maana yake.

"Basi mwite mpishi," Senbi akasema bila kuinua kichwa.

Tameret, mke wa Ipuki, alikuwa amechuchumaa miguuni pa mumewe. "Tabibu, kinywa hicho hakijanyamaza tangu anioe," alisema. "Usikinyamazishe wewe."

Senbi akaliosha sikio, akangoja. Damu mpya haikutoka ndani. Kumbe ilitiririka kutoka utosini, maana walimbeba amelala ubavu. Akaingiza vidole gumba kinywani, juu ya magego ya mwisho, vingine akaviweka chini ya kidevu, akakandamiza chini na kusukuma nyuma. Taya likalia kak! Ipuki akafumba mdomo, akaufumbua, akamtukana Nakhti tusi zito la machimboni.

Wabebaji wakacheka. Tameret hakucheka, alikitazama kidole cha Senbi kikizama taratibu kwenye jeraha. Mfupa ulikuwa na ufa. Haukubonyea, lakini ufa ulikuwepo.

"Tazama kifua chako," Senbi akamwambia Ipuki.

Shingo ikainama nusu, ikakaza. Vitabu alivyosomeshwa Senbi vilitaja shingo inayoinama, ya mtu atakayepona, na shingo isiyoinama, ya mtu atakayekufa. Nusu havikuitaja.

"Tamka," Nakhti akasema. "Ukikosea, hakuna atakayekuletea hata mbuzi umtibu."

Kwa hasira Senbi alitaka kutamka la kwanza, nitautibu, amzibe Nakhti mdomo. Neno lilishafika kwenye meno. Akalimeza, akamgeukia Tameret.

"Dada, leo nitamfunga nyama mbichi juu ya jeraha, kesho asali. Sitaondoka hapa mpaka shingo hii ilegee. Ugonjwa huu nitapambana nao."