Waliokufa Malya

Agosti 2021 Guildford, kitongoji cha Sydney, Australia, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Balthazar, mpakiaji wa mizigo ghalani, alikuwa katika siku ya tisa ya karantini baada ya mwenzake wa zamu kukutwa na ugonjwa huo. Binti yake Ornella, wa miaka kumi na mitatu, alisomea jikoni kwa kompyuta.

Siku hiyo alisoma historia: waasi wa Anatolia, Uturuki ya leo, wa mwaka 1240, waliomfuata mhubiri wao na kumwasi sultani. Walifika uwanda wa Malya pamoja na wake zao na watoto. Askari wa sultani waliogopa kuwagusa watu wa Mungu, hivyo wakatangulizwa wapanda farasi wa kukodiwa kutoka Ulaya. Waasi wakauawa kwa maelfu.

"Papa, wanauliza kwa nini walishindwa," Ornella alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Nimeandika walikuwa wajinga. Waliamini silaha haziwadhuru."

Balthazar aliweka chini kisu cha viazi. "Futa hilo neno."

"Kwani nani anaamini upanga haukati?"

"Mimi niliamini."

Ornella akageuka.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, milimani juu ya Uvira, kule Kongo. Kijiji chetu kilikuwa kimechomwa mara mbili. Mganga alitunyunyizia maji, akasema risasi zitageuka matone. Ungetaka tuamini nini kingine? Vita vilipoanza mimi nilisita, kaka yangu Salvator akatangulia. Aligeuka kunicheka. Risasi ikampata hapo hapo."

"Koko anajua?" aliuliza Ornella. Bibi yake alikuwa bado Uvira.

"Nilimwambia tulipoteana njiani. Mpaka leo anamsubiri."

Ornella alifuta alichoandika. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno: "Papa, umwambie."

Balthazar akapiga simu. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mulimuzika?"

"Hapana, mama. Nilikimbia."



"Jumapili nitamuombea misa," mama akasema. "Na wewe, unakula?"

Jumapili ile makanisa ya Sydney yalikuwa yamefungwa. Mama aliinua simu kanisani Uvira, na padri alipotaja jina la Salvator, Balthazar alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Ornella akapiga magoti kando yake.