Ndoo ya Kemunto

Kemunto alikwisha funga mzigo. Mumewe, askari polisi, aliletwa Amu, kisiwani Lamu, mwaka uliofuata uhuru, wakapata chumba Matondoni. Tangu hapo yeye hajaingia nyumba ya mtu. Salamu alipewa, tena nzuri, lakini baada ya salamu kila mwanamke barazani humwomba ndoo. Watu gani hawa hawana ndoo? "Sina ya kuazima," hujibu, akapita zake. Upweke ulimshinda, Ijumaa atarudi kwao Kisii.

Njia ya dukani ilipita kwa Bwana Gharib, mzee aliyesemwa kuwa akili zake zimeliwa na mchwa. Nyumba aliijenga kwa mikono yake, kwa mabaki ya majahazi: usukani ndio mlango, na ukutani kapachika vigae vya sahani, vikilikonyeza jua. Uani walisimama punda na ndege wa mbao za mikoko, wote hawana vichwa. Mzee alichelea kuambiwa na Mola kesho akhera awatie roho.

Siku hiyo alimwona Kemunto akichungulia. "Ndoo!" akapaza sauti. "Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Hata huyu! Lakini mzee ni mzee. Kemunto akaenda, akarudi na ndoo yake ya pekee, imejaa maji.

"Maji ya nini?" mzee akashangaa.

"Si umeniomba ndoo?"

Mzee akacheka hata akamwegemea punda. Mkewe, Bi Khairiya, akatoka mbio. "Masikini, mgeni wa watu! Bara mwasema njoo, sisi twasema ndoo. Akwita uye ndani, mwanangu, ule!"

Kemunto akacheka naye, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Kumbe vibaraza vyote vile vilikuwa vikimkaribisha! Bi Khairiya akamshika mkono, akamkalisha mkekani, akammegea mkate wa kumimina, hata ndoo ikasahauliwa.

Ijumaa akaifuata, mashua inangoja. Akaikuta shingoni mwa punda, mdomo umeelekea njiani.

"Leo umemtia kichwa," Bi Khairiya alikuwa akimgombeza mumewe. "Na roho utaitoa wapi?"

"Kichwa kiko wapi? Hiyo ni ndoo. Kazi yake kuita wapitao."



"Basi iacheni hapo hapo," Kemunto akasema, akivua viatu mlangoni. "Ya kutekea maji nitaazima kwenu."