Taa ya Hitilafu

Mzee Lifti alikuwa akilala fofofo kila usiku wiki nzima, na mkewe aliingiwa na shaka.

"Mtu wa kukoroma hivyo ama amefanya jema kubwa, ama amevunja kitu," alisema Bibi asubuhi ya Jumamosi, akimimina chai.

"Nimefanya jema. Ngoja mwenyewe afike."

Mwenyewe alikuwa mjukuu wao, binti aliyekuwa akisomea kompyuta katika chuo cha ufundi na kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Meza ya sebuleni ilikuwa imefunikwa shuka, na chini ya shuka ndipo lilipokuwa hilo jema.

Mzee alikuwa ametengeneza lifti maisha yake yote ya kazi. Enzi zake, juu ya kila jengo refu kulikuwa na chumba chenye kabati la chuma, na ndani ya kabati zimepangwa rilei, safu kwa safu. Rilei ni kisanduku kidogo chenye koili ya waya uliozungushwa na ulimi wa chuma. Ukipeleka umeme, ulimi unavutwa na kugusa upande huu. Ukikata, unarudi kugusa upande ule. Basi. Haina ujuzi mwingine duniani. Lifti mpya zilipokuja na vikadi vyao vidogo vya elektroniki, makabati yaling'olewa yakatupwa, naye mzee akazibeba rilei kwa magunia hadi nyumbani. Zilikaa chini ya kitanda miaka na miaka. Bibi aliziita wageni wasioaga.

Sasa wageni walikuwa wamepata kazi. Jumatatu, mjukuu alitakiwa kusimama mbele ya walimu na mashine ya kujumlisha aliyoijenga kwa mikono, bila kompyuta ndani yake. Ambaye mashine yake ingekataa, angerudia mwaka mzima. Jumapili iliyopita alimwonyesha babu yake jinsi ya kuunganisha rilei mbili na taa moja juu ya kibao. "Anza na hivi vya aina ya kwanza, babu. Aina mbili nyingine nitakueleza kwa simu." Alipopiga simu katikati ya wiki, babu alimjibu, "Wewe soma. Huku kazi inakwenda," akakata, maana risasi ya kulehemu ilikuwa inapoa.

Mjukuu aliingia na begi mgongoni, akamsalimu Bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu amekuwekea kitu mezani. Mimi hata kufuta vumbi nimekatazwa."

Mzee alivuta shuka kwa madaha. Vibao vilikuwa vimejipanga kama askari wa gwaride, nyaya zimekunjwa pembe kwa pembe, risasi inang'aa. Mjukuu aliinama, akatazama kimoja, akatazama cha pili, akaenda mpaka mwisho wa meza.

"Babu, vyote ni sawa."

"Sawasawa kabisa. Pima kwa rula ukitaka."

"Namaanisha vyote ni aina moja. Aina mbili nyingine ziko wapi?"

Mzee alikohoa kidogo. "Mkono ulikuwa umeshika moto. Nikasema nizimalize."

"Rilei zote?"

"Zote."

Mjukuu alichukua betri, akaunganisha kibao kimoja, na kabla hajapeleka umeme kwenye rilei yoyote, taa ikawaka.

"Hii nayo imekuwaje? Nilisema taa iwake rilei zote mbili zikipata umeme. Hapa sijazipa kitu, inawaka." Alipeleka umeme kwenye rilei moja, taa ikaendelea kuwaka. Alipoipa na ya pili, taa ikazima. "Umeigeuza, babu. Inafanya kinyume."

"Inafanya inavyopaswa," alisema mzee, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. "Fundi wa lifti hawashi taa kutangaza heri. Milango yote ikifungwa vizuri, taa inazima, watu wanakwenda zao. Mlango mmoja ukiwa wazi, taa inawaka ili fundi aje. Hiyo ni taa ya hitilafu. Mimi sijawahi kufunga taa kwa namna nyingine."

"Lakini hii si lifti."

Mkono wa mzee ulikuwa umekwenda wenyewe, kama mguu unavyokwenda njia ya nyumbani hata ukiwa umetumwa kwingine. Kuvifumua vibao vyote na kuvilehemu upya ilikuwa kazi ya wiki, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akaiangalia kazi yake nzuri. Mtoto wa watu angerudia mwaka kwa sababu babu yake hakupenda kusikiliza simu.

"Nimekuponza, mwanangu," alisema.

Bibi alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko. Alikuwa na neno tayari, lakini alipouona uso wa mumewe alilimeza na kurudi alikotoka.

Mjukuu aliketi sakafuni na vibao viwili mapajani, akiviunganisha na kuvitenganisha, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akatulia.

"Babu," alisema polepole, "ungefanya kama nilivyokwambia, ukamaliza rilei zote hivyohivyo, tungekuwa tumekwisha. Kile kibao changu kinajua kukubali tu. Ungekipanga hadi dari, kisingejua kusema hapana. Hiki chako kinakataa. Hebu sogea uone."

Mzee alisogea.

Mjukuu alifunga njia zote mbili za kibao kwenye waya mmoja. "Nikipeleka umeme, taa inazima. Nikikata, inawaka. Hiki sasa ni kigeuzi. Ndiyo ile aina ya tatu niliyokuwa naitaka."

"Endelea."

"Nikikiweka kigeuzi baada ya kibao chako kingine, kile kinachokataa kinageuzwa, kinakubali. Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Na nikizigeuza nyaya zinazoingia kabla hazijafika kwenye kibao..." Aliunganisha, akagusa waya mmoja: taa. Akagusa wa pili peke yake: taa. Akaziacha zote mbili: giza. "Hiyo ndiyo ya pili. Zote tatu zimo humu humu. Mwalimu alitueleza darasani, nikaandika, nikafaulu mtihani. Lakini sikuwa nimeliona kwa macho."

Mzee alikishika kibao mkononi kama mtu anayepokea kitoto kichanga. Alikuwa amekaa na rilei ujana wake wote na uzee wake, akizisugua, akizilaani zinapoganda wakati wa mvua. Hakuwahi kuziuliza zinaweza nini.

"Na kompyuta zenyewe?" aliuliza. "Za kweli?"

"Zinaweza kujengwa hivi mwanzo hadi mwisho. Kujumlisha, kulinganisha, kupanga majina, kuonyesha picha. Simu yako hiyo mfukoni, ukiipasua mpaka chembe ya mwisho, unakuta vitu vidogo vya namna hii, mabilioni, kila kimoja hakijui zaidi ya hiki."

Mzee aliitoa simu mfukoni, akaiweka mezani taratibu, mbali kidogo na ukingo.

Hawakufumua hata kibao kimoja. Jumamosi yote na Jumapili baada ya chakula cha mchana walikuwa wakivuta nyaya tu kutoka kibao hadi kibao, mjukuu akitaja, mzee akilehemu, na safari hii akisikiliza. Alipotaka kukimbia mbele, binti alisema, "Babu," naye akasimama. Jioni, jua likiwa bado dirishani, walimaliza. Upande mmoja kulikuwa na swichi za kuingiza namba mbili za kujumlishwa, upande wa pili taa tatu: ya moja, ya mbili, ya nne.

"Mbili na tatu," alisema mjukuu, akabonyeza.

Ndimi za rilei ziligonga mfululizo, tak-tak-tak, mlio uleule mzee aliousikia juu ya mapaa ya mji, lakini wakati ule ulimaanisha mlango na ghorofa. Taa ya moja ikawaka. Ya mbili ikabaki giza. Ya nne ikawaka.

"Nne na moja," alinong'ona mzee. "Tano."

Vibao viwili vilikuwa vimebaki. Mjukuu aliviweka uso kwa uso, jibu la hiki likawa swali la kile, na la kile likawa la hiki, akafunga na vitufe viwili vya kukata umeme. Aligusa kitufe cha kushoto akaachia. Taa ya kushoto ikawaka, ikaendelea kuwaka. Aligusa cha kulia akaachia; ikahamia kulia, ikakaa.

"Hakuna anayekigusa," alisema mzee.

"Hakuna. Kinakumbuka kilivyoambiwa mara ya mwisho."

Bibi alikuwa amesogea bila kusikika. Aliitazama ile taa kwa muda. "Kwa hiyo vyuma vinakumbuka," alisema. "Na wewe, mzee, nakutuma chumvi unarudi na gazeti." Lakini naye hakuondoka.

Jumatatu mzee alisimama nyuma ya ukumbi wa chuo, kofia mkononi. Mkuu wa idara, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliizunguka mashine, akainama, akauliza kwa nini vibao vyote ni vya namna moja.

"Kwa sababu hiki kimoja kinatosha," alijibu mjukuu, "na fundi wangu hajui kufunga kingine."

Watu walicheka, na mzee alicheka nao, machozi yakimlengalenga. Mama yule aliweka tatu na tatu. Rilei zikagonga. Ya moja giza, ya mbili ikawaka, ya nne ikawaka. Aliitazama sita ile, kisha akaondoa mkono mezani kama mtu anayeogopa kuiamsha, akaandika alama, akamwambia binti wataonana mwaka wa pili.

Walishuka kwa lifti, lifti mpya isiyo na mlio. Watu wengine walitazama namba za ghorofa. Mzee aliweka kiganja chake kwenye bati la vitufe, akakiacha pale, akijua kwamba nyuma ya bati hilo, mahali padogo kuliko ukucha, vitu visivyohesabika vilikuwa vikikubali na kukataa, kukubali na kukataa, ili yeye ateremke.

"Vipi, babu?" aliuliza mjukuu.

"Nyamaza kidogo," alisema. "Iko kazini."