Waziri Akiri Kosa

Dada alipoacha kuimba bafuni, Waziri alijua fika nani wa kulaumiwa: yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka sita, na cheo hicho alipewa na mama kwa jinsi alivyopenda kutoa maagizo. Wiki tatu nyuma, kelele za bafuni zilipomkera, aliomba kimoyomoyo dada anyamaze. Dada akanyamaza. Akanyamaza hadi mezani, chakula akawa anakichokoachokoa tu, na akitoka shule anajilaza, uso ukutani.

Waziri akaanza kazi ya kutengua. Alivaa gauni nje ndani. Akaruka kwa mguu mmoja kutoka jikoni hadi mlangoni mara saba, akavunja kikombe. Akavisha viti soksi. Dada hakubadilika, ila baba alienda kazini na viatu bila soksi.

Ikabidi akiri. Akasimama kando ya kitanda, mikono nyuma, kama mshtakiwa.

"Dada, mimi ndiye niliyekuharibu. Niliwaza unyamaze."

Dada akageuka polepole. "Mdogo wangu, kuwaza tu hakumdhuru mtu. Wewe bado mtoto, unadhani hata mvua inanyesha kwa ajili yako."

"Kwani hainyeshi kwa ajili yangu?" Taarifa hiyo ilikuwa haijafika ofisini kwake.

"Wala."

"Sasa nani kakuharibu?"

"Mimi mwenyewe. Nilikosa goli kwenye netiboli, timu ikatolewa. Shule nzima inanisema."

"Nzima? Na mpishi?"

"Mpishi... sijui."

"Mlikuwa wangapi uwanjani?"

"Saba."

"Na wale sita walikuwa wamelala?"

Dada akacheka, kicheko kifupi cha puani, na machozi yakafuatia papo hapo.

"Twende kwa mama," Waziri aliamuru.

"Atasema ni uvivu."

"Inuka."

Mama alikuwa kwenye cherehani, pini zimemjaa mdomoni.

"Mama," dada alisema, "sina raha na kitu chochote. Kichwani najua ile ilikuwa mechi tu, lakini kuamka kunanishinda. Naomba msaada."

Mama akatema pini moja moja, akaliweka kando gauni la mteja likiwa na mkono mmoja.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Njoo ukae hapa. Ilianza lini, mwanangu?"

Waziri alikuwa na jibu, siku na saa. Akaubana mdomo kwa mikono yote miwili, akamwachia dada aseme.