Mafuta ya Ephantus

Kuanzia Theta hadi Ruiru hakuna mwanamke anayenishinda kupika. Ushahidi ninao, tena umetoka hospitali: damu ya mume wangu ilipopimwa kule Thika, ilikutwa na mafuta ya kutosha kukaangia chapati za harusi.

Mume wangu ni Ephantus. Ni mwembamba sana, mshipi wake unamzunguka karibu mara mbili. Mimi nikiingia mlango wa kanisa naingia kwa upande. Kwa hivyo mke wa mwanangu, Emmah, alipotulazimisha twende kupimwa cholesterol, Ephantus alikuja kunisindikiza tu, amevaa sura ya mtu anayempeleka mgonjwa. Majibu yalipotoka, damu yangu ilikuwa safi na yake ilikuwa supu. Akaomba kwa heshima waangalie kama chupa zimebadilishwa.

Daktari alikuwa msichana wa Matuu anayeitwa Nzisa, mpole, lakini hakupindapinda maneno. Alimweleza kwamba mafuta ya damu hayaangalii tumbo la mtu. Wembamba wanayo, wanene wanaweza kuyakosa. Hayaumi, hayakohozi, yanakaa kimya kwenye mishipa yakiziba njia kidogo kidogo, mpaka siku moja moyo au ubongo unakosa damu. Ephantus akajitetea kwamba yeye kila akila nyama ya mafuta hunywa maji moto yenye ndimu, na mafuta yote huoshwa.

“Mzee,” Nzisa akasema, “damu si sufuria.”

Akamuuliza huwa anakula nini. Ephantus akasema chakula cha kawaida. Nikaona nisaidie serikali. Nikataja mutura wa kila jioni pale kwa stage ya matatu, ule utumbo uliojazwa nyama, damu na mafuta. Nikataja ngozi ya kuku anayoipigania na wajukuu, chapati zangu zinazong'aa, chai yenye utando wa maziwa juu, na sigara ya baada ya chakula. Ephantus alinitazama kama mtu aliyelala na adui miaka yote hiyo.

Nzisa hakufoka. Alisema mafuta ya kuganda yatoke jikoni, ya maji yatumike kidogo. Maharagwe, njahi na minji, mboga za sukuma na managu, nduma na matunda viingie kwa wingi. Avokado tunayo shambani, ana bahati. Kuku avuliwe ngozi, nyama ya mafuta isiwe ya kila siku, sigara iagwe. Na atembee nusu saa karibu kila siku, mwendo wa kumfanya aheme lakini bado aweze kusengenya. Arudi baada ya miezi mitatu. Mafuta yasiposhuka vya kutosha, ataongezewa tembe, na tembe si aibu.

Tulipofika nyumbani ndipo nikajua kilichomtisha. Haukuwa moyo wala tembe. Ilikuwa ngurario ya Wangechi.

Wangechi ni mjukuu wetu wa kwanza, ana jina langu, na pia ulimi wangu, masikini. Ngurario yake ilikuwa imepangwa Ruiru kwa baba yake, Wanyoike. Hiyo ndiyo siku bwana harusi anakata bega la mbuzi mbele ya wazee. Bila hiyo, hata mkiimbiwa na kwaya tatu, wazee wa kwetu wanawahesabu kama wapenzi. Na mwenye kuchoma mbuzi na kushika kisu, kwa ngurario zote za ukoo wetu, ni Ephantus. Kisu ni cha marehemu baba yake. Lakini mchomaji ana sheria moja: mutura ukiiva, anaonja wa kwanza mbele ya wazee, na msaidizi wake anaonja wa pili. Asiyeonja hashiki kisu.

Msaidizi ni Ndichu, binamu yake, ambaye amekitamani hicho kisu tangu kilipokuwa kirefu.

“Mama Wanyoike,” Ephantus aliniambia, “Ndichu akisikia nimekatazwa mafuta, kisu kimekwenda. Hii maneno isitoke kwa hii nyumba.”

Nikaapa. Alijua kiapo changu kina uzito gani, akaongeza kwamba nikisema, ataenda kuishi kwa dada yake. Nikanyamaza kwelikweli, kwa sababu dada yake angemrudisha kwangu kesho yake, akiwa amenuna zaidi.

Basi tukaanza. Kwenye mkebe wa mafuta ya kuganda nikapanda dania. Wiki ya kwanza ilikuwa msiba. Aliangalia sahani ya maharagwe, akauliza kama amefungwa na kosa lake ni gani. Nikaanza kutumia akili. Njahi nikaziunga kwa kitunguu kilichokauka vizuri, tangawizi na nyanya. Githeri ya mahindi na maharagwe nikaiwekea avokado juu. Nduma nikachemsha, samaki nikampikia na ndimu. Chapati hazikufa, ila zilikuwa za siku maalum, na zilikuwa zimepanguswa mafuta tu, si kuogeshwa. Sijawahi kupika vizuri hivyo, na naomba mtu asinibishie. Kufika mwezi wa pili akawa anachungulia sufuria kabla sijaipua.

Kutembea kulikuwa na shida yake. Kwetu mzee hatembei bure. Akionekana anaenda mbio bila kazi, watu watauliza nani amefariki. Kwa hivyo Ephantus alibeba panga, nami nikabeba kikapu, tukawa tunashika njia ya Kalimoni kila asubuhi kama watu wanaoenda shamba. Asubuhi ya kwanza kabisa tukakutana na nani kama si Ndichu, amebeba kamba, anahema.

Akasema ndama wake amepotea, anamtafuta. Ephantus akasema yeye anaenda kuangalia ua. Ua wa nani, hakusema. Wakatakiana heri.

Kesho yake tena Ndichu na kamba, tena ndama. Wiki iliyofuata, ndama. Mwezi uliofuata, ndama bado, na Ndichu sasa alikuwa anapanda kilima cha njia hiyo bila kusimama. Nilimhurumia. Nilimuuliza ndama ana rangi gani, akasema kahawia. Siku nyingine nikamuuliza, akasema mweusi. Nikafikiri labda ni uchungu unamchanganya.

Ephantus naye alibadilika. Alianza kupiga mluzi kilimani. Aliacha kulala baada ya chakula cha mchana, jambo lililonikera, kwa sababu huo ndio ulikuwa wakati wangu wa amani. Tuliporudi Thika, mafuta yalikuwa yameshuka vizuri. Nzisa akampa mkono. Akamwambia asidhani amemaliza shule. Aendelee hivyo hivyo, watapima tena. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, je, mzee akionja kipande kidogo kwa sherehe? Akasema kipande kimoja cha sherehe hakina neno, kinachomaliza watu ni cha kila siku.

Nikapumua. Nilidhani ngurario imepona. Jioni hiyo nikamnunulia mutura kidogo, ajizoeshe. Akatafuna mara mbili, akautoa.

“Umekaa mdomoni kama mshumaa,” akasema, na sijawahi kumwona mwanaume akihuzunika hivyo. Ulimi wake ulikuwa umehama. Daktari alikuwa amemruhusu, sheria ya wazee ilikuwa inamtaka, na koo lake likawa limekataa.

Siku ya ngurario Ruiru ilijaa. Wangechi alipendeza hata nikajisifu kwa sababu ya jina. Ephantus alivaa koti lake la khaki, akachoma mbuzi wa sherehe kwa upole kama anawalaza. Mutura ukaiva. Wazee wakakusanyika, Ndichu akiwa mbele, naye amevaa koti lake jeusi la kanisa na jua lote lile. Mimi nilikuwa nimesimama na akina mama, moyo unanipiga kuliko wa mtu yeyote mwenye cholesterol.

Ephantus akakata kipande kinene, akakipeleka mdomoni. Moshi ukamjia, akageuka kufuta macho kwa kitambaa, akarudi akitafuna. Nimemwona mtu huyu akila tangu nikiwa na kiuno. Najua shavu lake likiwa na kitu na likiwa halina. Lilikuwa linatafuna upepo.

Ndichu akapewa cha pili. Yeye akapiga chafya moja kubwa, akainama, akainuka anatafuna kwa kelele. Halafu akasimama katikati ya wazee.

“Nasikia siku hizi kuna wanaume wanakula maharagwe kama watoto wa bweni,” akasema. “Wanaogopa mafuta. Mtu kama huyo akiwa hapa, aweke kisu chini.”

Wazee wote wakamgeukia Ephantus. Kisu kilikuwa mkononi mwake, cha baba yake.

“Mimi nimemeza,” Ephantus akasema, “na mafuta yake yote.”

Ndipo nikaona mfuko wa koti lake. Doa lilikuwa limeanza kama sarafu, sasa lilikuwa kubwa kama sahani, linang'aa juani. Yale mafuta yote ambayo yangeingia kwenye damu yalikuwa yanaingia kwenye khaki. Na si mimi peke yangu niliyeona. Mbwa wa Wanyoike, Bosco, alikuwa amekata kamba yake nyuma ya jiko. Akapita katikati ya wazee bila kusalimia mtu, akaingiza pua kwenye mfuko wa mume wangu, akatoka na kitambaa. Kitambaa kikafunguka. Mutura ukalala kwenye nyasi, mzima, haujaguswa na jino.

Ephantus akainamisha kichwa na kuanza kumgeuzia Ndichu mpini wa kisu. Ndichu akanyoosha mkono, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Bosco alimeza kile kipande kwa mara moja. Akalamba midomo, akanusa hewa. Kisha akamwendea Ndichu polepole, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaingiza pua kwenye mfuko wa lile koti jeusi la kanisa, mpaka masikioni.

Mkono wa Ndichu ukabaki hewani. Ephantus akakirudisha kisu kwake.

“Hicho nilikuwa nampelekea mama watoto,” Ndichu akasema, akimsukuma mbwa. “Changu nimemeza. Mimi sina shida ya mafuta, hata hiyo hospitali ya Thika siijui.”

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja Thika. Nikasogea karibu, nikamshika bega kwa huruma yangu yote.

“Ndichu,” nikamuuliza, “na yule ndama, alipatikana?”