Vipande Thelathini na Viwili

Mdogo wangu tunamwita Sentimita, kwa kuwa hana asichokipima. Yeye hukata, mimi nashona: chumba kimoja, cherehani moja, na mdomo mmoja, ambao ni wangu. Miaka miwili tulijinyima tukiweka akiba kwenye kopo la vifungo, na Jumatatu tulikuwa twende kununua cherehani ya pili.

Jumamosi akacheza mkeka. Mkeka ni kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja: zikitiki zote unalipwa, ikikosea moja umechanika wote. Aliweka elfu moja kwenye mechi tano, kila moja odi mbili, yaani malipo mara mbili ya dau.

"Mbili mara tano, kumi," akasema. "Tukishinda ni elfu kumi."

Nami nikakubali. Sisi mafundi kazi yetu kujumlisha: bega, mkono, na sentimita mbili za mshono. Tena wiki iliyotangulia mechi mbili za odi mbilimbili zilimlipa elfu nne, na mbili na mbili ni nne. Nani angetia shaka?

Jumapili mchana mechi ya tano ikaisha, simu ikalia. Sentimita akasoma, akakifuta kioo kwa shati, akasoma tena. Elfu thelathini na mbili.

"Wamekosea," nikasema. "Rudisha kabla hawajatuita wezi."

Alikuwa ameshachukua chaki, anaandika mezani. "Hawajakosea, Dada. Wanazidisha. Elfu moja imekuwa mbili. Zile mbili zote zikaingia mechi ya pili, zikawa nne. Nne zikawa nane, nane kumi na sita, kumi na sita thelathini na mbili."

Nikakaa chini. Nilistaajabu, sifichi. Kila Jumamosi nilikuwa namtukana, kumbe kitu chenyewe kinakua namna hii.

"Kopo lina laki tatu," akasema taratibu. "Mara thelathini na mbili, milioni tisa na laki sita. Hapo si cherehani tena, ni kiwanda."

Mama alizoea kutuonya, tamaa mbele, mauti nyuma. Siku hiyo tamaa ilikuwa na mkono wangu, na mkono ulikuwa juu ya kifuniko cha kopo.

Lakini mimi kitu siamini mpaka nikishike. Nikachukua utepe mrefu wa bitana, nikaukunja katikati mara tano, nikakata kila mkunjo. Tukahesabu vipande pamoja. Thelathini na viwili, kwa kukunja mara tano tu. Sentimita alicheka kwa raha.

"Na hizo mechi," nikamuuliza, "kila moja kupata na kukosa ni nusu kwa nusu?"

"Karibu nusu. Kampuni nayo inajikatia chake."

"Basi na bahati imekunjwa hivihivi. Mkeka uliotiki wote ni kipande kimoja kati ya hivi."

Nikatia chaki kipande kimoja, nikavitia vyote kwenye mfuko wa kitambaa. "Chomoa bila kuangalia. Ukikipata cha chaki, beba kopo."

Akachomoa. Kitupu.

"Cherehani imekwenda," nikasema. "Kirudishe, jaribu tena."

Kitupu. "Ya pili imekwenda."

Mwanzoni alikuwa anacheka. Kwenye ya sita akaacha kucheka, kwenye ya tisa akakunja mikono ya shati. Kwenye ya kumi na moja mkono ukabaki ndani ya mfuko, hautoki.

"Dada," akasema, "tumeshapoteza cherehani kumi na moja, na hata hiyo moja bado hatujainunua."

Akautoa mkono, akalisukuma kopo upande wangu. Kesho yake tulilibeba wawili hadi dukani.

Ila Jumapili ile, alipotoka nje kunawa uso, niliumwaga mfuko mezani. Nilitaka kujua kama kipande cha chaki sikukiangusha. Kilikuwemo. Nikakishika muda mrefu, nikifikiri kwamba jana yake mdogo wangu alitia mkono mara moja tu, akatoka nacho.